Kipepeo wa Baharini (Limacina helicina): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ile video ya kidude cheusi kinachopiga mabawa majini inapozunguka kwenye simu, maswali hurudi yaleyale, mengine ya utani, mengine ya nia kabisa. Nimeyapanga hapa kuanzia ya mwanzo hadi ya wabishi. Nikisema "kipepeo" namaanisha spishi moja, Limacina helicina, konokono wa bahari baridi za kaskazini. Ndugu zake wa maji ya joto wana swali lao huko chini.

## Ya mwanzo

Huyu ni mdudu, samaki, au nini hasa?

Ni konokono. Ana gamba lililojisokota, ana ulimi wenye meno madogo kama tupa ya fundi, na ana mguu kama konokono yeyote anayetambaa ukutani baada ya mvua. Ila mguu wake hautambai. Umegawanyika pande mbili na kutanuka ukawa mabawa mawili ya nyama laini, na maisha yake yote huyamaliza akiwa katikati ya maji, bila kukaa chini.

Kundi lake linaitwa pteropoda, jina alilolitoa Mfaransa Georges Cuvier mwaka 1804 kutoka Kigiriki. Maana yake ni wenye mguu uliokuwa bawa, na kwa kweli hakuna maelezo mafupi yanayomfaa kuliko hayo.

Ana ukubwa gani?

Wengi ni kama punje ya pilipili manga, na weusi wao unakaribia uleule. Mkubwa hufika sentimita 1 au kupita kidogo. Gamba lenyewe halina rangi. Ni jembamba na unaona ndani yake kama chupa. Ule weusi ni mwili wa zambarau iliyokoza.

Kuna jambo dogo ambalo wakusanya makombe hulipenda. Mshike konokono mkubwa wa shambani, ncha ya gamba ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama: mdomo utauona upande wa kulia. Konokono walio wengi duniani wako hivyo. Wa kipepeo uko kushoto.

Anapatikana wapi?

Bahari ya Aktiki na bahari baridi zinazopakana nayo: maji ya Svalbard na Greenland, Bahari ya Bering, Ghuba ya Alaska, Bahari ya Okhotsk. Si wa ufukweni. Huelea katika mita mia chache za juu, usiku akipanda karibu na uso wa maji, mchana akishuka gizani ambako macho ya samaki hayamfikii kwa urahisi. Ukitaka kujua kama yupo Bagamoyo au Lamu, tazama swali la pwani yetu.

Nani alimwandika kwanza?

Constantine John Phipps, nahodha wa Kiingereza. Mwaka 1773 alitumwa na meli mbili, Racehorse na Carcass, kutafuta njia ya kupita upande wa Ncha ya Kaskazini. Barafu ikamkatalia kaskazini ya Svalbard, akageuza. Njia hakuipata, lakini kitabu cha safari alichokitoa mwaka 1774 kina maelezo ya kwanza ya kisayansi ya dubu wa barafuni, na kina konokono huyu pia, kwa jina la Clio helicina. Sehemu ya kwanza ya jina ilibadilishwa baadaye, helicina ikabaki.

Ndani ya Carcass alikuwemo kijana wa miaka 14 aitwaye Horatio Nelson, yule ambaye Waingereza walikuja kumjengea mnara London. Kwa hiyo safari moja ilitoa mashuhuri wawili mapema, Nelson na dubu. Konokono alisubiri zaidi ya karne mbili hadi watu walipoanza kupima asidi ya bahari.

## Mwendo na chakula

Anaogelea au anaruka?

Anaruka, na sisemi hivyo kwa kupamba. Viumbe vingi vidogo vya bahari kuu hupiga kasia: husukuma maji nyuma, hurudisha kasia, husukuma tena, kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Mpiga kasia hupata mwendo kwenye mpigo wa kusukuma tu. Ule wa kurudisha humla nguvu bila kumpa kitu. Kipepeo hana mpigo wa bure. Bawa hushuka, hujipindua, hupanda, hujipindua tena, na ncha yake huchora namba nane majini. Kushuka kunamwinua, na kupanda kunamwinua. Nzi hupiga mabawa yake hewani kwa namna hiyohiyo.

Mwaka 2016 David Murphy na wenzake wa Georgia Tech walitoa utafiti waliomrekodi kipepeo kwa kamera za kasi na kupima jinsi maji yanavyozunguka bawa. Mabawa hupiga takriban mara 5 kwa sekunde. Mwisho wa mpigo mabawa mawili hukutana kama viganja vinavyopigwa makofi, kisha huachana yakianzia ukingo wa mbele, na maji hukimbilia kwenye ule mwanya. Mbinu hiyo ilishaelezwa mwaka 1973 na Torkel Weis-Fogh, aliyekuwa akichunguza nyigu mdogo sana. Ukoo wa konokono na ukoo wa wadudu uliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na bado wote wawili wameangukia ufundi mmoja.

Utaona pia kwenye video kwamba mwili mzima unayumba mbele na nyuma kama bembea. Watu hucheka wakidhani amelewa. Gamba linalobembea chini yake ndilo linalomgeuza ili kila mpigo uanze bawa likiwa limelala pembe inayofaa. Tumezoea kumwona konokono akibebeshwa nyumba yake; huyu anairukia.

Akichoka kupiga mabawa inakuwaje?

Anazama. Gamba ni chokaa, na chokaa ni nzito kuliko maji. Akitishwa huyakunja mabawa ndani ya gamba na kujiachia kama kokoto, na mara nyingi hiyo ndiyo njia yake ya kukimbia. Pumziko lake la kweli liko kwenye chakula.

Anakula nini, na anakamataje?

Anatega wavu. Hutoa ute ukatanuka juu yake kama tandabui, mpana mara kadhaa kuliko yeye mwenyewe, kisha ananing'inia chini yake akiwa kimya kabisa, mabawa yametulia, haendi juu wala chini. Chochote kinachoteremka au kupita hunasa: mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, vitoto vya krasteshia wadogo (jamii ya kaa na kamba), wakati mwingine hata watoto wa spishi yake mwenyewe. Baada ya muda anaukunja wavu kuelekea mdomoni na kuula wote, ute na vilivyonaswa. Mvuvi anayekula samaki pamoja na jarife lake, tuseme.

Hili halikujulikana kwa kuwatazama waliovuliwa, kwa sababu kipepeo akiguswa na chombo huukata wavu na kutoroka. Ilibidi watu wapige mbizi na kumkuta nyumbani kwake. R. W. Gilmer na G. R. Harbison walitoa maelezo hayo mwaka 1986, na tangu hapo ile picha ya zamani ya kipepeo anayekula huku akiogelea ikawekwa kando.

## Maisha yake

Dume na jike wanatofautishwaje?

Kwa umri. Kila mmoja huanza kama dume, na akishakua hugeuka jike. Mayai hutagwa ndani ya ute unaoelea.

Anaishi muda gani?

Kwenye maji ya Svalbard, takriban mwaka mmoja. Watoto wanaoanguliwa kiangazi huvuka majira ya baridi wakiwa wadogo, katika giza la miezi ambamo jua halichomozi, kisha hukua haraka majira ya kuchipua mimea inapojaa majini.

Nani anamla?

Wengi mno. Samoni wa waridi wa Pasifiki ya kaskazini humtegemea sana, hasa wakiwa wachanga. Heringi, makareli, ndege wa baharini na nyangumi wa kuchuja maji nao wamo. Wavuvi wa kaskazini ya Atlantiki wana malalamiko yao ya zamani: samaki aliyeshiba konokono wa jamii hii matumbo yake hugeuka meusi na kunuka, na asipopasuliwa haraka huharibika.

Ila adui wake mkuu ni konokono mwenzake, na huyo anastahili swali lake.

Malaika wa baharini ni nani? Ndiye jike lake?

Hapana, na swali hili huja kila wiki. Malaika wa baharini, Clione limacina, ni spishi nyingine: mwili unaopenya mwanga, bila gamba, mabawa mawili madogo, kichwa chekundu cha kuvutia. Watu huweka picha yake kwenye skrini za simu. Chakula chake karibu pekee ni kipepeo.

Tazama anavyokula, kisha uamue kuhusu jina. Akimgusa kipepeo, kichwa hupasuka na kutoa vikono sita vinavyomkumbata. Humgeuza taratibu hadi mdomo wa gamba ukabiliane na mdomo wake, kama mtu anayegeuza pweza apate pa kumshika. Kisha huingiza kulabu zake ndani, humvuta mwenye nyumba mzima mzima, hummeza, na gamba tupu huliachia lizame. Kazi huweza kuchukua dakika 2, au robo tatu ya saa kama kipepeo amejikunja vizuri.

Kumtegemea mlo mmoja kuna gharama yake. Msimu vipepeo wakikosekana, malaika hufunga. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2006 waliwekwa maabara bila chakula na wakavumilia hadi siku 356, wakipungua ukubwa huku wakiila miili yao wenyewe kwa ndani.

## Gamba na asidi

Kwa nini wanasayansi wanamfuatilia kiasi hiki?

Kwa sababu ya aina ya chokaa aliyojengea. Gamba lake ni aragonaiti, umbo la kalisiamu kaboneti linaloyeyuka kwa urahisi kuliko lile la kalisaiti. Matumbawe yetu nayo ni aragonaiti, ila ni mawe makubwa. Yeye ana ukuta mwembamba kuliko karatasi.

Jaribu nyumbani. Ponda simbi moja uliyookota ufukweni, weka unga wake kwenye kisahani, kamulia ndimu. Utasikia unachemka polepole na kuona mapovu. Hiyo ni hewa ya ukaa ikitoka wakati asidi inakula chokaa. Baharini mambo huenda kinyume kidogo na polepole sana: hewa ya ukaa tunayoitoa kwenye magari na viwanda huingia majini, hutengeneza asidi dhaifu, na asidi hiyo hupunguza ile kaboneti ambayo kipepeo huihitaji kujengea. Maji baridi humeza gesi nyingi kuliko ya joto. Ndiyo maana hatari inafika Aktiki kabla ya kufika Mafia.

Bahari imekuwa asidi? Mbona hainichomi?

Haijawa asidi na haitakuchoma. Kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kilikuwa takriban 8.2 kabla ya zama za viwanda, sasa ni karibu 8.1. Saba ndiyo katikati, kwa hiyo bado yako upande wa alkali. Lakini kipimo hicho hupandishwa kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha: pengo hilo dogo la 0.1 lina maana kwamba ioni za hidrojeni, chembe zinazoleta asidi, zimeongezeka kwa takriban asilimia 30. Wewe huna gamba. Mwenye gamba la unene wa ukucha wa mtoto mchanga, au chini ya hapo, anaisikia tofauti hiyo.

Je, ni kweli gamba huyeyuka akiwa hai?

Hapa kuna mambo matatu ambayo huchanganywa, nami nayatenganisha.

Ile mfululizo maarufu wa picha, gamba safi linalogeuka jeupe na kubomoka, lilikuwa gamba tupu lililowekwa kwenye maji yaliyotengenezwa yafanane na yanayotabiriwa kwa mwaka 2100. Lilichukua siku 45. Mle ndani hamkuwa na konokono.

Walio hai nao wameonekana na majeraha. Mwaka 2005 James Orr na wenzake walionyesha kwamba Clio pyramidata, ndugu wa kipepeo, akiwekwa hai kwenye maji ya namna hiyo, ukingo wa gamba huanza kulika ndani ya saa 48. Na mwaka 2012 Nina Bednaršek na wenzake walieleza magamba yaliyolika ya konokono hai waliovuliwa mwaka 2008 katika Bahari ya Scotia, upande wa Antaktika. Hao hawakuwekwa kwenye maji ya maabara. Walikutwa hivyo baharini.

La tatu husahaulika. Mwaka 2016 Victoria Peck na wenzake walionyesha kwamba gamba la kipepeo wa Aktiki limefunikwa na ngozi nyembamba ya nje inayokinga chokaa, na pale ngozi inapokwaruzwa mnyama huongeza chokaa kutoka ndani, kama fundi anayepiga lipu upande wa chumbani kwa sababu ukuta wa nje unaliwa na mvua. Kwa hiyo hakai akisubiri kuyeyuka. Anajenga upya, na kujenga kunamla nguvu. Kwangu mimi hilo ndilo swali zito: kipepeo anayetumia chakula chake kukarabati nyumba atabakiwa na kiasi gani cha kukulia na cha kutagia?

Pteropoda wameshapitia mabadiliko makubwa zamani. Mbona wasiwasi sasa?

Hoja ni ya haki. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2020 uliweka asili ya kundi hili zaidi ya miaka milioni 130 iliyopita. Maana yake walikuwepo pigo lililowamaliza dainosari lilipotua, na walikuwepo miaka milioni 56 iliyopita, dunia ilipopata joto na bahari kuongezeka asidi. Walipita.

Tofauti ni kasi. Mabadiliko yale ya joto yalichukua maelfu ya miaka kujijenga. Haya ya sasa yanahesabiwa kwa umri wa babu na mjukuu.

Magamba ya waliokufa huenda wapi?

Hushuka. Kwenye kina kirefu sana maji huyayeyusha kabla au muda mfupi baada ya kutua. Mahali ambapo sakafu haijazama mno, na hasa kwenye bahari za joto zenye spishi nyingi, hurundikana yakawa tope maalumu. Sakafu ya Bahari ya Shamu ina tope la namna hiyo. Watafiti huchimba humo wakasoma hali ya bahari za kale.

## Ya wabishi

Yupo pwani yetu?

Limacina helicina hayupo na hawezi kuwepo. Maji yetu yangemuua. Ndugu zake wapo. Heliconoides inflatus, mdogo sana na mwenye gamba la mzunguko, na Creseis, mwenye gamba lililonyooka kama sindano, wanaishi Bahari ya Hindi kama katika bahari nyingine za joto. Meli ya Kimisri Mabahiss ilipofanya utafiti wa mwaka 1933 na 1934 kati ya Bahari ya Arabuni na Zanzibar, ripoti zake zilijumuisha moja ya pteropoda peke yao.

Kwa nini hujawahi kumwona? Kwa sababu yuko ng'ambo ya miamba, kwenye maji ya buluu, na tundu za nyavu zetu ni kubwa mara kumi kuliko yeye.

Niliokota konokono wa zambarau ufukweni baada ya upepo. Ndiye?

Siye. Huyo ni Janthina, ambaye hana mabawa na hawezi kuogelea. Hujitengenezea boya la mapovu ya ute na kuning'inia kichwa chini, akipelekwa na upepo. Upepo ukielekea nchi kavu, anapwelewa. Gamba lake ni kubwa vya kutosha kulishika kwa vidole viwili. La kipepeo ungelivunja kabla ya kulishika.

Kuna konokono wengine wanaoogelea kwelikweli?

Wapo heteropoda, kama vile Carinaria, ambao huogelea chalichali kwa pezi moja lililotokana na mguu, wana macho makali, na ni wawindaji. Si ndugu wa karibu wa pteropoda. Mguu umegeuzwa chombo cha majini mara mbili, na koo mbili tofauti.

Aliyeko Antaktika ni huyuhuyu?

Kwa muda mrefu vitabu vilisema ndiyo, spishi moja ncha zote mbili. Mwaka 2010 vinasaba vilionyesha pengo kubwa mno kati yao, na sasa wa kusini anaitwa Limacina antarctica. Ukisoma makala ya zamani kidogo, angalia anazungumziwa nani.

Naweza kumfuga kwenye tangi?

Usijisumbue. Anahitaji maji ya baridi kali na nafasi ya kutandaza wavu usiguse kioo. Hata maabara zenye vifaa hupata shida kumweka hai kwa muda mrefu. Wanaoonyeshwa kwenye matangi ya Hokkaido, Japani, ni malaika, ambao huvumilia njaa kama ilivyoelezwa juu.

Anauma? Analiwa?

Hana cha kukudhuru. Yule ndugu wa sindano, Creseis, ameripotiwa kuwachoma waogeleaji wa Florida anapokuja kwa makundi. Ni gamba tu linalochoma, si sumu. Kuhusu kula: ungehitaji ndoo nzima kwa mchuzi mmoja, na nimeshasema habari ya matumbo meusi.

Nimesikia kuna kiumbe kinachomteka malaika na kumbeba mgongoni. Kweli?

Kweli kabisa, upande wa Antaktika. Malaika wa kule, Clione antarctica, ana kemikali inayowachukiza samaki. Krasteshia mdogo aitwaye Hyperiella dilatata humkamata mmoja akiwa hai na kumshikilia mgongoni kwa miguu yake ya nyuma. Samaki akimdaka, humtema. James McClintock na John Janssen waliliandika jambo hilo mwaka 1990 baada ya kuyaona Ghuba ya McMurdo. Mateka hali kitu muda wote huo, kwa kuwa hawezi kumfikia kipepeo wa kule hata mmoja.